Kabla ya Kulaumu Programu, Angalia Jicho

Leo naomba tuweke kando mambo ya tovuti na hifadhidata, tushuke chini kabisa, mahali ambapo biti si moja wala sifuri bali ni volti inayopanda na kushuka ndani ya waya. Najua wengi wenu ni watu wa programu kama mimi, na waya mnauona kuwa kazi ya fundi. Huo ndio mtazamo ninaotaka kuupinga leo.

Kuna mchoro mmoja ambao wahandisi wa mawasiliano huuita jicho. Ukiwaambia watu kwamba unataka kuutazama mchoro huo, wengi watakujibu kwamba jicho ni la maabara kubwa, la watu wenye mitambo ya bei ya gari, na kwamba sisi tulio na osiloskopu ya kawaida tukae na mawimbi yetu ya mraba. Mimi nasema hapana. Kwa kasi ambazo vifaa vingi vya hapa kwetu hutumia, yaani biti 9600 kwa sekunde, 19200, hata 115200, osiloskopu ya kawaida inatosha na kubaki. Tena nasema kwamba yeyote anayeuza mfumo unaopokea data kutoka kwa waya na hajawahi kuangalia jicho la waya huo, anauza kitu asichokijua.

Jicho ni nini hasa?

Chukua karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga. Kwenye kila karatasi chora biti moja jinsi ilivyopita kwenye waya, pamoja na kipande cha biti iliyotangulia na kipande cha inayofuata. Biti nyingine ilikuwa juu ikabaki juu. Nyingine ilitoka juu ikashuka. Nyingine ilipanda. Sasa zipange karatasi elfu moja, moja juu ya nyingine, zikilingana kwa wakati, kisha zimulike kwa taa. Mistari ya juu itakutana pamoja, ya chini itakutana pamoja, na ile inayopanda na kushuka itapishana pembeni kama alama ya X. Katikati patabaki nafasi tupu yenye umbo la jicho la mtu. Ndilo hilo.

Utamu wake ni kwamba nafasi hiyo tupu ina maana. Urefu wake wa juu hadi chini unakuambia kelele ya kiasi gani inaweza kuingia kabla mpokeaji hajachanganya moja na sifuri. Upana wake unakuambia saa ya mtumaji na saa ya mpokeaji zinaweza kutofautiana kiasi gani kabla ya mpokeaji kusoma biti ya jirani. Unene wa mistari ya juu na chini ni kelele. Unene wa ile sehemu ya kupishana ni kuyumba kwa wakati, yaani biti inayotakiwa kufika saa fulani inafika mapema kidogo au imechelewa kidogo. Mteremko mlegevu unakuambia waya ni mrefu mno au una kapasita nyingi. Na ukiona mistari miwili au mitatu mahali palipotakiwa kuwa na mmoja, ujue kuna mwangwi: ishara imefika mwisho wa waya, haikukuta rezista ya kuimeza, ikarudi.

Mambo hayo yote yanaonekana kwenye picha moja. Hakuna faili ya logi iliyowahi kunipa habari nyingi namna hiyo kwa mtazamo mmoja.

Jinsi ya kulipata kwa chombo cha kawaida

Hapa ndipo watu hukwama, na kukwama kwenyewe kunatokana na jambo moja tu: triga. Osiloskopu lazima iambiwe ianze kuchora lini. Katika mitambo mikubwa, saa ya biti hutolewa kutoka kwenye data yenyewe kwa sakiti maalumu, kisha hiyo saa ndiyo huamsha mchoro. Osiloskopu ya kawaida haina sakiti hiyo. Ukiiambia tu iamke kila ishara inaposhuka, itaamka kwenye biti yoyote, na utapata mchoro wa kupendeza ambao hauna ukweli wote.

Lakini hebu tufikiri kidogo. Mlango wa siriali wa kawaida hauna saa inayosafiri na data. Mpokeaji wenyewe hujipanga upya kila baiti inapoanza, kwa kuangalia biti ya kuanzia. Basi nasi tufanye vile vile! Tuamshe mchoro kwenye biti ya kuanzia tu, tusikubali nyingine yoyote hadi baiti iishe.

Kwenye osiloskopu nyingi, za zamani na za sasa, kuna mpangilio wa muda wa kusubiri baada ya triga. Kwa biti 9600 kwa sekunde, biti moja huchukua maikrosekunde 104 hivi. Baiti nzima, ikiwa na biti ya kuanzia, biti 8 za data na biti ya kumalizia, ni biti 10, yaani milisekunde 1.04. Weka muda wa kusubiri uwe biti 9 na nusu, takriban maikrosekunde 990. Kwa 115200, biti moja ni maikrosekunde 8.68, na muda wa kusubiri unakuwa takriban maikrosekunde 82. Hivyo chombo kitaruka data yote, kitazinduka katikati ya biti ya kumalizia, na badiliko la kwanza kitakalolikuta ni mwanzo wa baiti inayofuata.

Angalia pia upande wa badiliko. Kwenye pini ya maikrokontrola waya ukiwa kimya huwa juu, kwa hiyo biti ya kuanzia hushuka. Kwenye waya wa RS-232 mambo ni kinyume: kimya ni volti hasi, na biti ya kuanzia hupanda kwenda volti chanya. Ukichanganya hapo utazunguka mchana kutwa.

Kisha washa udumifu wa picha, uuweke usiwe na mwisho, ili kila mstari uliopita ubaki kwenye skrini. Kwa 9600 weka maikrosekunde 100 kwa kila kisanduku. Utaona si jicho moja bali safu ya macho manane, kutoka biti ya kwanza hadi ya nane. Na hili ni jambo ambalo hata mitambo ya bei ghali haikuonyeshi hivi kwa kawaida: unaona jinsi macho yanavyobadilika kadiri unavyoiacha biti ya kuanzia. Mahali pa kuangalia kwa makini ni jicho la mwisho, kwa sababu makosa ya saa hujumlishana hadi hapo.

Kama chombo chako hakina udumifu wa picha, simu yako inao. Iweke juu ya kitu imara, zima taa, iache kamera iwe wazi kwa sekunde kadhaa mbele ya skrini. Na kama una osiloskopu ya zamani ya bomba la kioo, ya megahezi 20, usiidharau. Fosforasi yake hubakiza mwanga kwa muda na mistari inayopita mara nyingi hung'aa zaidi ya inayopita mara chache. Ilikuwa ikichora macho kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Usitumie herufi U

Wengi wakitaka kujaribu waya hutuma herufi U bila kukoma, kwa sababu biti zake ni 01010101 na huonekana kama mawimbi safi ya mraba. Kwa kupima kasi, sawa. Kwa jicho, haifai kabisa. Waya wenye kasoro hukosea pale biti moja inapokuja peke yake baada ya mfululizo wa biti nyingi za aina moja, kwa sababu waya ulikuwa umejaa chaji na haukupata muda wa kugeuka. Herufi U haina mfululizo wowote. Ni sawa na kupima gari kwenye lami iliyonyooka, kisha ulipeleke kwenye barabara ya mashimo.

Hapa ndipo sisi watu wa programu tunapokuwa na faida. Andika kijisehemu cha programu kinachotoa biti zinazofanana na za bahati nasibu. Chukua rejista ya biti 7, anza na thamani yoyote isiyo sifuri. Kila mara, linganisha biti ya 7 na ya 6 kwa XOR, jibu liwe biti mpya, lisukume ndani kutoka upande wa kulia. Mfululizo utakaopata una biti 127 kabla haujajirudia, na ndani yake umo mfuatano wa moja saba na mfuatano wa sifuri sita. Zikate baiti baiti, zitume. Ni mistari kumi tu ya msimbo, na sasa una kifaa cha majaribio ambacho duka lingekuuzia.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili

Niwape kisa. Kuna mahali fulani bondeni, sitapataja, ambapo wakulima huleta maziwa asubuhi. Mizani ya kielektroniki hupima, hutuma kilo kwa waya wa RS-232 hadi kwenye tarakilishi ya ofisi, na programu humwandikia mkulima. Mwisho wa mwezi mkulima hulipwa kwa hesabu hiyo. Niliitwa kwa sababu kulikuwa na minong'ono. Mama mmoja alikuwa na uhakika kwamba alileta kilo 18 na pointi. Karatasi ikasema 10 na pointi. Makarani walianza kuangaliana vibaya. Aliyeuza mizani alisema kosa ni la programu, na aliyeandika programu alisema kosa ni la karani.

Mzee mwenyekiti aliniambia hivi: "Kijana, mimi mambo yenu ya biti siyajui. Wewe niambie tu nani anaiba maziwa."

Sasa tazameni. Katika msimbo wa ASCII, tarakimu 8 ni 0011 1000. Tarakimu 0 ni 0011 0000. Tofauti yake ni biti moja! Vivyo hivyo 1 na 9, na vivyo hivyo 5 na 7. Biti moja ikigeuka njiani, 18.4 inakuwa 10.4, nayo ni namba halali kabisa. Programu haina sababu ya kuikataa. Mizani ile ilikuwa imewekwa bila pariti na bila hesabu yoyote ya hakiki mwishoni mwa ujumbe.

Waya wenyewe ulikuwa wa mita 35 hivi, umefungwa sambamba na waya wa stima unaokwenda kwenye kompresa ya tangi la kupozea maziwa. Niliweka probu upande wa tarakilishi, si upande wa mizani, kwa maana jicho la kuamini ni lile analoliona mpokeaji. Kompresa ikiwa imezimwa, jicho lilikuwa wazi kama la mtoto. Nikaiacha picha idumu, tukanywa chai. Kompresa ilipojiwasha, mistari ikarushwa katikati ya jicho kama mikwaruzo, na kwa kuwa picha hudumu, mikwaruzo ikabaki pale skrini kila mtu aione. Mingine ilichukua kama maikrosekunde 20.

Je, maikrosekunde 20 ni nyingi? Mpokeaji wa kawaida huigawa biti mara 16, na wengi huchukua sampuli tatu katikati kisha huamua kwa wingi wa kura. Kwa 9600, sampuli mbili zimeachana maikrosekunde 6.5. Kelele ya maikrosekunde 20 ikiangukia katikati, sampuli zote tatu zinasema uongo kwa pamoja. Kura imeibwa!

Nilimwita mzee, nikamwonyesha skrini. Nikamwambia, "Mzee, mwizi ni huyu hapa, na huja kila friji inapowaka." Hakuhitaji shahada ya uhandisi kuelewa. Aliona mahali palipotakiwa kuwa patupu na akaona kitu kimepita. Waya ulihamishwa mbali na ule wa stima, zikawekwa ncha za kugeuza kuwa RS-485 kwa waya wa jozi iliyosokotwa, pariti ikawashwa. Tulipoangalia tena, kompresa ikiwaka na kuzimika mara kadhaa, jicho lilibaki tupu. Makarani wakapumua.

Mawingu na mvua

Najua atatokea mtu aseme: kwa nini taabu yote hiyo, si programu ina CRC na ikikosea inarudia? Ni kweli, itifaki kama Modbus RTU hubeba CRC ya biti 16, na ni jambo jema. Lakini kurudia kuna tabia ya dawa ya kutuliza maumivu. Waya unaendelea kuoza huku wewe unaona kila kitu ni kijani. Siku kiwanda kinapoongeza mota moja, marudio yanajaa, mfumo unaganda, na mdudu unatafutwa kwenye msimbo ambao hauna hatia. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwingine atasema: nimejaribu siku nzima, sikupata kosa hata moja. Hesabu kidogo. Ili useme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba makosa hayazidi biti moja katika bilioni moja, unahitaji kupitisha biti bilioni 3 bila kosa. Kwa kasi ya 9600 hiyo ni zaidi ya siku tatu na nusu za kutuma bila kupumzika. Kwa 115200 ni saa 7 na dakika kadhaa. Nani kati yetu huacha mtambo wa mteja ukijaribiwa hivyo? Jicho halikupi idadi kamili ya makosa, lakini ndani ya dakika kumi linakuonyesha uko karibu kiasi gani na ukingo wa shimo. Dalili ya mvua ni mawingu. Kuhesabu makosa ni kungoja mvua. Kutazama jicho ni kutazama mawingu.

Wa tatu, na huyu ni ndugu yangu wa programu hasa, atasema anacho kichanganuzi cha lojiki, kile kidogo cha USB chenye njia nane. Ninacho pia na nakipenda. Lakini kifaa kile huangalia volti, huamua hapo hapo kama ni moja au sifuri, kisha hukupa hukumu bila ushahidi. Ishara iliyopita kizingiti kwa unywele na ile iliyopita kwa volti tano kwake ni sawa. Jicho hukuletea ushahidi wenyewe, uhukumu mwenyewe.

Tena kuna makosa ambayo ni yetu kabisa sisi waandishi wa msimbo na jicho huyaonyesha. Mfano: maikrokontrola ya ATmega328P, ile ya kwenye Arduino Uno, ikitumia megahezi 16 haiwezi kutoa 115200 kamili. Kwa mgawanyo wa kawaida hutoa 111111, pungufu kwa asilimia 3.5. Kwa mgawanyo wa kasi maradufu hutoa 117647, zaidi kwa asilimia 2.1. Kati ya mtumaji na mpokeaji jumla ya tofauti inayovumilika ni kama asilimia 5, maana biti ya mwisho husomwa biti 9 na nusu baada ya mwanzo na huruhusiwi kuteleza zaidi ya nusu biti. Kwenye safu ya macho utaona jicho la kwanza limekaa sawa, la pili limesogea kidogo, na la nane limesogea hadi karibu na mahali pa hatari. Ukitumia osileta ya ndani ya chipu hiyo hiyo, ambayo kutoka kiwandani huahidiwa ndani ya asilimia 10 tu, utaona maajabu zaidi. Kosa hilo hutalipata kwa kusoma msimbo, hata usome mara mia.

Mipaka yake tusiifiche

Sisemi osiloskopu ya kawaida inaona kila kitu. Kuna kanuni rahisi: gawa 0.35 kwa upana wa bendi, upate muda mfupi kabisa wa kupanda ambao chombo kinaweza kuuonyesha. Megahezi 20 hukupa nanosekunde 17.5. Megahezi 100 hukupa 3.5. Biti ya USB ya kasi ya megabiti 12 huchukua nanosekunde 83, hapo megahezi 100 zinatosha vizuri. Biti ya USB ya megabiti 480 huchukua nanosekunde 2 hivi, na hapo chombo chako kitakuonyesha ukungu wake chenyewe. Kadhalika kile kijikiti kidogo cha DSO138 chenye kilohezi 200 na sampuli milioni moja kwa sekunde: kwa 9600 kinaona, kwa 115200 kinapata sampuli nane au tisa tu kwa kila biti. Osiloskopu kama Rigol DS1054Z, ambayo ni ya megahezi 50 na ina muda wa kusubiri na udumifu wa picha, inatosha kabisa kwa kazi zote nilizotaja za siriali.

Waya mrefu nao una hesabu yake. Ishara husafiri kama mita moja kwa nanosekunde 5. Kwenye waya wa mita 300 usio na rezista ya ohm 120 mwishoni, mwangwi hurudi baada ya maikrosekunde 3. Kwa 9600, katikati ya biti ni maikrosekunde 52, mwangwi umekwisha kufa. Kwa 115200 katikati ni 4.3, na mwangwi bado unacheza. Ndiyo sababu waya uliofanya kazi miaka mingi hugeuka adui siku mtu anapoongeza kasi kwenye programu.

Na neno la usalama: kibanio cheusi cha probu kimeunganishwa na ardhi ya stima ya jengo. Usikibane kwenye waya wowote wa jozi ya RS-485, utaufungia ardhini. Tumia njia mbili, moja kwa kila waya, kisha toa moja kutoka kwa nyingine. Osiloskopu za zamani hufanya hivyo kwa kugeuza njia ya pili na kujumlisha. Na tafadhali usikate pini ya ardhi ya plagi ili "kurahisisha" kazi. Weka probu kwenye kumi kwa moja na uirekebishe kwanza kwa ile ishara ya kilohezi 1 iliyo kwenye uso wa chombo, usije ukalaumu waya kwa kasoro ya probu.

Fundi alitutangulia

Kinachonichekesha ni kwamba tunaliona jicho kuwa jambo geni, ilhali fundi wa redio alilijua zamani. CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 zilikuja na mchoro huu. Data kwenye CD huandikwa kwa mashimo ya urefu wa vipimo 3 hadi 11, na kipimo kimoja ni nanosekunde 231. Vitabu vya ukarabati vya mashine za CD vilimwambia fundi aweke probu kwenye ishara inayotoka kwa leza, atazame zile almasi katikati ya mistari, arekebishe hadi ziwe safi. Osiloskopu ya megahezi 20 ilitosha. Fundi hakungoja programu imwambie CD imeruka. Alitazama jicho, akajua leza imechoka.

Basi mimi nataka mambo mawili. La kwanza: mtu akikabidhi mfumo wa mizani, wa mita za maji, wa vipima joto vya majokofu ya dawa, picha ya jicho la kila waya iwe sehemu ya makabidhiano, ikipigwa upande wa mpokeaji, mota zote zikiwa zinafanya kazi. Ni picha ya simu tu. Miaka miwili baadaye mtu akilalamika, unapiga nyingine na kuzilinganisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La pili: vyuo vyetu viache kumfundisha mwanafunzi wa programu kwamba waya ni sanduku lililofungwa. Osiloskopu ya kawaida ipo katika maabara nyingi, mara nyingine imefunikwa kitambaa. Itolewe kitambaa. Mwanafunzi aandike ule mfululizo wa biti 127, autume kwenye waya wa simu wa mita 50 uliokunjwa, atazame jicho likifumba kadiri anavyoongeza kasi. Saa mbili zinatosha, na hatasahau maisha yake yote.

Maana mwisho wa waya kuna mtu. Yule mama wa kilo 18 hakuwa na habari ya volti wala pariti. Alikuwa na mkebe wake na neno lake, na neno lake likapingwa na tarakilishi. Tukiandika programu zinazopima jasho la watu, kutazama kile kinachoingia kwenye programu hizo ni haki yao.

Haya, nimesema yangu. Je, wewe una osiloskopu iliyolala kabatini? Itoe wiki hii, tafuta waya wowote wa siriali ulio karibu nawe, uutazame jicho. Kisha uje utuambie uliona nini.